Kuwa na Sababu na Kudhani Una Sababu

 

Mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu, na kazi yangu ni kufundisha lugha; sheria sikusomea. Lakini jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo la sheria, maana jambo lenyewe, ukilichungua sana, ni la sarufi. Tazameni maneno haya: "Mtu akiwa amevunjika mguu, na apelekwe hospitali." Kisha tazameni haya: "Mtu akidhani amevunjika mguu, na apelekwe hospitali." Mtoto wa darasa la nne atawaambieni tofauti yake. Katika maneno ya kwanza hatuna budi kuutazama mguu. Katika maneno ya pili mguu hauna kazi tena. Twamwuliza yule mtu anadhani nini, na jibu lake ndilo mwisho wa habari. Mfano huu wa mguu si wangu. Ni wa jaji mmoja wa Uingereza, nami nitawapeni habari zake.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya neno kizuizi. Mwizi akikamatwa, hushtakiwa. Huambiwa ameiba nini, siku gani na mahali gani. Mashahidi huja, naye hupewa nafasi ya kuwauliza. Na hakimu akiona ushahidi watosha, humtia kifungoni kwa miaka inayojulikana. Hicho ni kifungo. Kizuizi ni jambo jingine. Mtu huwekwa gerezani kwa amri ya mtawala, si kwa hukumu ya hakimu. Hakushtakiwa kosa, wala hajui atatoka lini. Amezuiwa kwa sababu inahofiwa atafanya jambo, si kwa sababu imeonyeshwa kwamba amekwisha kulifanya. Serikali nyingi za dunia zimeutaka uwezo huu wakati wa vita na wakati wa hofu, na hoja yao si ya kipuuzi. Mtu akingojwa mpaka alipue bomu ndipo ashtakiwe, mashtaka hayo yatamfaa nani?

Basi na tuende Uingereza, mwaka 1939, vita na Wajerumani vilipoanza. Serikali ilitunga kanuni za ulinzi wa nchi, na mojawapo, iliyojulikana kwa namba yake, 18B, ilimpa Waziri wa Mambo ya Ndani uwezo wa kumzuia mtu ye yote bila mashtaka. Hapo kwanza kanuni hiyo ilisema kwamba Waziri aweza kumzuia mtu "akiridhika" kuwa ni wa hatari. Wabunge hawakuipenda. Mwezi wa Oktoba mwaka ule, vita vikiwa vimekwisha kuanza, walisimama Bungeni wakaipinga, na mwezi wa Novemba serikali ikabadili maneno. Sasa kanuni ikasema kwamba Waziri aweza kumzuia mtu "akiwa na sababu ya maana ya kuamini" kuwa amehusiana na adui au ametenda mambo ya kuihatarisha nchi. Angalieni vizuri badiliko hilo. Wabunge walitoa neno linalotazama moyo wa Waziri, wakaweka maneno yanayotazama sababu yenyewe.

Mwaka 1940 hali ilizidi kuwa mbaya. Mwezi wa Juni Ufaransa ilianguka, na Waingereza walingojea kuvamiwa siku yo yote. Watu zaidi ya 1,000 walizuiwa kwa kanuni ile. Wengi wao walikuwa wafuasi wa Oswald Mosley, aliyekuwa kiongozi wa Mafashisti wa Uingereza. Lakini miongoni mwao alikuwamo mfanyabiashara mmoja jina lake Robert Liversidge, aliyezaliwa London na wazazi Wayahudi, naye wakati ule alikuwa mtumishi katika jeshi la anga. Mwisho wa mwezi wa Mei, Waziri, Sir John Anderson, alitia sahihi karatasi, Liversidge akapelekwa gereza la Brixton. Karatasi ilisema kwamba alihusiana na maadui. Haikusema ni akina nani.

Liversidge akafungua mashtaka juu ya Waziri. Hakuomba afunguliwe mara moja. Aliomba kitu kidogo: aambiwe Waziri alikuwa na sababu gani. Mahakama za chini zikamkatalia, naye akakata rufani mpaka Baraza la Malodi, ambalo siku zile ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza. Tarehe 3 Novemba 1941 majaji watano walitoa hukumu, na wanne wakasema: Waziri hana lazima ya kueleza. Amesema anayo sababu, nayo yatosha. Yeye hujibu Bungeni, si mahakamani. Tena habari anazozipata ni za siri, wala hazifai kuanikwa mbele ya watu wakati wa vita.

Wa tano alikuwa Lord Atkin, mzee wa miaka 73. Yeye alikataa, na hapa ndipo alipoutoa mfano wa mguu. Alisema kwamba maneno "akiwa na sababu" hayajapata kuwa na maana ya "akidhani ana sababu", wala katika Kiingereza cha nyumbani wala katika vitabu vya sheria, naye akavitaja vitabu hivyo kimoja baada ya kimoja. Akasema kwamba kelele za silaha haziinyamazishi sheria ya nchi yake; sheria ni ile ile wakati wa vita na wakati wa amani, hata kama maneno yake yaweza kubadilishwa na wenye haki ya kuyabadilisha. Kisha akakumbusha hadithi ya watoto ya Lewis Carroll, mtu yule yule aliyetunga kitabu kilichotiwa katika Kiswahili mwaka 1940 kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu. Katika kitabu chake kingine mna kiumbe mwenye umbo la yai, ajifanyaye bwana wa maneno, neno likawa na maana ile apendayo yeye. Wenzake waliona amewafananisha na yai. Kabla ya hukumu kusomwa aliombwa aiondoe sehemu ile, akakataa. Lord Maugham, aliyekuwa mkuu wa wale wanne, alithubutu kuandika barua katika gazeti la The Times kuyalalamikia maneno mengine ya mwenzake, jambo ambalo majaji hawana desturi ya kulifanya.

Huenda mtu akasema: Mwalimu, hayo ni mabishano ya wazee wa Ulaya, sisi yatuhusu nini? Nami namjibu kwamba Lord Atkin alikwisha kulisema jambo hili miaka 10 nyuma, tena kwa ajili ya Mwafrika. Huko Lagos, Nigeria, alikuwako mkuu wa ukoo wa kifalme jina lake Eshugbayi, mwenye cheo cha Eleko. Mwaka 1925 serikali ya Waingereza ilimwondoa katika cheo chake, ikamwamuru aondoke Lagos, na alipokataa ikamhamisha kwa nguvu mpaka Oyo. Mawakili wake wakaipeleka kesi London. Mwaka 1931 Lord Atkin, akisema kwa niaba ya majaji wenzake, aliamua kwamba mtumishi wa serikali hawezi kugusa uhuru wa mtu wala mali yake isipokuwa aweze kuonyesha mahakamani kwamba sheria yampa ruhusa, na kwamba majaji wasiogope kuliamua jambo hilo hata serikali ikichukia. Kesi ikarudishwa Nigeria ichunguzwe kama Eleko kweli alikuwa mtu wa kuhamishwa kwa sheria ile. Mwaka huo huo Sir Donald Cameron, aliyekuwa Gavana wa Tanganyika tangu mwaka 1925, alihamishiwa Nigeria, na Eleko akaruhusiwa kurudi kwao.

Sasa narudi kwa wale majaji wanne, maana sitaki mwadhani walikuwa watu wabaya. Mabomu yalikuwa yameanguka juu ya London. Nani kati yetu angependa kuwa jaji wa kumfungua mpelelezi wa adui? Lakini siku ile ile ya tarehe 3 Novemba waliamua kesi ya pili, ya mtu aliyeitwa Ben Greene. Yeye alikuwa mtu wa dhehebu la Quaker, ambalo wafuasi wake wengi hukataa kupigana vita, naye alikuwa ndugu wa yule mwandishi wa riwaya Graham Greene. Alikuwa amezuiwa tangu Mei 1940. Waziri aliapa kwamba amezisoma habari kutoka kwa watu wenye kuaminika, majaji wakaona kiapo hicho chatosha. Greene akashindwa. Lakini wakili wake hakulala. Alimtafuta mtu aliyempeleka Greene kwa maneno, akamwuliza ana kwa ana, naye yule mpeleka habari akayameza maneno yake. Mwezi wa Januari 1942 Greene akafunguliwa.

Kwa hiyo Waziri hakusema uongo alipoapa. Alidhani kweli kwamba ana sababu. Aliyekuwa akisema uongo alikuwa mtu mwingine, ambaye Waziri hakupata kumwona uso wake, wala majaji hawakuomba kumwona.

Mimi mwenyewe najua jinsi hakika ya namna hiyo inavyokuwa tamu moyoni. Nilipokuwa mwalimu kijana katika shule moja ya bweni, karabai ya bwenini ilipotea. Alikuwako mvulana mwenye sifa mbaya, na mwenzake mmoja alikuja kuninong'oneza jina lake. Nikamfungia ghalani tangu adhuhuri hata magharibi, ili aungame. Mwalimu mkuu aliporudi aliniuliza, "Umeona nini?" Nikamjibu, "Nina hakika, Mwalimu." Akasema, "Sikukuuliza habari zako. Nimekuuliza habari za karabai." Tukaenda kufungua mlango. Siku ya tatu karabai ilionekana kwa mpishi, aliyeiazima usiku asimwambie mtu. Mvulana yule hakunilaumu hata siku moja, illa tangu jioni ile mpaka alipomaliza shule hakunitazama tena usoni. Mwalimu mkuu alirudi siku ile ile. Kama angalikuwa safarini juma zima, sijui ningalifanya nini, maana kila saa iliyopita hakika yangu ilizidi badala ya kupungua.

Lord Atkin alikufa mwaka 1944, hukumu ya wale wanne ikiwa bado ni sheria. Hata Winston Churchill, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati watu wale walipozuiwa, aliandika mwaka 1943 kwamba uwezo wa kumtupa mtu gerezani bila kumshtaki ni jambo la kuchukiza mno. Lakini ilikuwa mwaka 1979 ndipo Lord Diplock aliposema waziwazi, katika Baraza lile lile, kwamba wakati umefika wa kukiri kuwa wale wanne walikosea na Atkin alikuwa na haki.

Huku kwetu neno lililotumika aghalabu lilikuwa lile la kwanza, ambalo wabunge wa London walilikataa. Uwezo huu haukuletwa na uhuru. Katika Kenya, tangu Oktoba 1952 Gavana alipotangaza hali ya hatari, watu maelfu kwa maelfu walifungiwa makambini bila hukumu. Serikali za Waafrika ziliikuta silaha hiyo mezani, nazo hazikuitupa. Sheria ya Tanganyika ya mwaka 1962 ilisema kwamba ikionyeshwa kwa kumridhisha Rais kuwa mtu anahatarisha amani, Rais aweza kuamuru azuiwe, na amri hiyo isihojiwe katika mahakama yo yote. Mwaka 1985 sheria hiyo ilirekebishwa, ili aliyezuiwa apate njia ya kwenda mahakamani. Tume ya Jaji Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, iliitaja miongoni mwa sheria 40 zilizostahili kufutwa au kurekebishwa. Na huko Kenya, usiku mmoja mwishoni mwa Desemba 1977, mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alichukuliwa nyumbani kwake, akakaa kizuizini karibu mwaka mzima pasipo kushtakiwa; ndimo alimoandika riwaya ya Kigikuyu juu ya karatasi za chooni.

Mtu aliyepoteza ndugu yake kwa bomu aweza kunisikiliza kwa uchungu. Tarehe 7 Agosti 1998, asubuhi, mabomu mawili yalilipuka kwenye ofisi za ubalozi wa Marekani, moja Nairobi na jingine Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, na Dar es Salaam 11. Wengi wao walikuwa wenyeji waliokwenda kazini tu, au kupita njiani. Miaka mitatu baadaye, Septemba 2001, Marekani yenyewe ilishambuliwa, na serikali nyingi zikarudia kutaka uwezo ule wa kale.

Uingereza ilitunga sheria mwaka 2001 ya kuwazuia wageni walioshukiwa kuwa na ushirika na magaidi, kama hawawezi kurudishwa makwao kwa kuwa huko watateswa. Waliwekwa zaidi katika gereza la Belmarsh, London. Serikali ilisema kwamba gereza hilo lina kuta tatu tu, kwa sababu mfungwa aweza kutoka saa yo yote, mradi akubali kuihama nchi. Mwende wapi, hawakuambiwa. Tarehe 16 Desemba 2004 Baraza la Malodi liliamua jambo lao. Majaji walikuwa tisa, na wanane kati yao, wakiongozwa na Lord Bingham, waliikataa sheria ile. Safari hii majaji waliutazama mguu. Walikubali, isipokuwa mmoja wa wale wanane, kwamba hatari ipo, wala hawakujifanya wanaijua hatari hiyo kuliko Waziri. Lakini waliuliza: kama raia wa Uingereza naye aweza kuwa gaidi, na huyo mwamwacha atembee, kwa nini mgeni mwenye shaka ile ile afungwe pasipo mwisho? Kama hatari ya raia yaweza kuzuiwa bila gereza, ya mgeni vilevile. Serikali haikuwa na jibu. Mwezi wa Machi 2005 Bunge liliiacha sheria ile, likatunga nyingine ya kumwekea mshukiwa masharti nyumbani kwake.

Na siri je? Hapo nakiri pana ugumu wa kweli. Waingereza wameweka mawakili wa namna ya pekee, wanaoruhusiwa kuziona habari za siri na kuzipinga mbele ya majaji kwa ajili ya mshukiwa. Walakini wakiisha kuziona hawaruhusiwi kuzungumza naye juu yake. Ni kama kumtetea bubu. Mwaka 2009 majaji waliongeza sharti: walau kiini cha shutuma lazima mtu aambiwe, ili aweze kujibu. Kwa maoni yangu hapo ndipo haki inapoanza, maana kama Ben Greene angalijua mapema ni nani aliyemsingizia, asingalikaa kizuizini zaidi ya mwaka mmoja na nusu.

Namalizia na mtu wa huku kwetu. Ahmed Khalfan Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar, alikamatwa Pakistan mwaka 2004 kwa habari ya mabomu yale ya 1998. Wapelelezi wa Marekani walimshikilia mahali pa siri, na mwaka 2006 wakampeleka Guantánamo, kambi yao iliyoko Cuba. Mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, kwa majaji watano dhidi ya wanne, kwamba wafungwa wa kambi ile wana haki ya kumwomba jaji achungue sababu ya kushikwa kwao. Mwaka 2009 Ghailani alipelekwa New York, akawa wa kwanza kutoka kambi ile kushtakiwa katika mahakama ya raia.

Jaji wake, Lewis Kaplan, alikataa kumsikiliza shahidi mkubwa wa serikali, Mtanzania ambaye ingesemwa ndiye aliyemwuzia baruti. Alimkataa kwa kuwa serikali ilimjua shahidi huyo kwa maneno yaliyotolewa kwa Ghailani kwa nguvu, huko mafichoni. Watu wengi walikasirika. Wazee wa baraza 12, wakazi wa New York, wakasikiliza ushahidi uliobaki. Novemba 2010 walimwona hana hatia katika makosa 284 kati ya 285 aliyoshtakiwa, na katika lile moja, la kula njama ya kuharibu majengo ya serikali, walimwona ana hatia. Mwezi wa Januari 2011 Jaji Kaplan akamhukumu kifungo cha maisha.

Lakini katika uamuzi ule ule wa kumkataa shahidi, jaji aliandika pia neno ambalo sijapata kulisahau. Alisema kwamba hata Ghailani akionekana hana hatia kabisa, yamkini serikali ingeweza kuendelea kumshika kama mtu wa upande wa adui, mpaka vita viishe. Wanafunzi wangu waliposikia habari hiyo darasani, mmoja aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, vita hivyo vitakwisha siku gani, na nani atatuambia kwamba vimekwisha?" Sikuwa na jibu la kumpa, nami naona wasaa niliopewa umekwisha. Kwaherini.